iNaturalist kwa mtafutaji wa wadudu wa mjini: inapofaa na inapokwama

Miongoni mwa programu za simu zinazoahidi kumtaja mdudu kwa picha moja, iNaturalist ndiyo ninayompendekezea kwanza mtu anayetaka kuwajua viumbe anaoishi nao mjini, wawe kwenye ukuta wenye taa, ukingoni mwa mtaro, pembeni mwa maegesho ya magari au katika kichaka kilichoachwa nyuma ya jengo. Siipendekezi kwa kuwa jibu lake la kwanza ni sahihi kila mara, maana kwa wadudu hakuna programu inayoweza kufikia hapo. Naipendekeza kwa kuwa waliobuni utaratibu wake walilijua hilo, wakaweka nyuma ya jibu la mashine watu wanaoweza kulithibitisha, kulipinga, au kulirudisha nyuma hadi pale ushahidi wa picha unapoishia.

Ilianza mwaka 2008 kama kazi ya kuhitimu ya wanafunzi watatu wa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 2014 ilichukuliwa na California Academy of Sciences, mwaka 2017 National Geographic Society ikajiunga kuisimamia, na tangu mwaka 2023 ni shirika linalojitegemea lisilotafuta faida. Haitozi ada wala haina matangazo. Nayataja haya kwa sababu programu nyingi za aina hii humpa mtumiaji siku chache za bure, kisha hufunga mlango na kudai malipo, na wakati wote huo mtumiaji hajui picha zake zimekwenda wapi wala ni nani, kama yupo, anayeyakagua majibu anayopewa.

Matumizi yake ya msingi ni mepesi. Unapiga picha au unarekodi sauti, programu inachukua tarehe na mahali, unaongeza jina unalodhani linafaa au unachagua mojawapo ya mapendekezo ya mashine, kisha rekodi inapakiwa na watumiaji wengine wanaanza kuitazama. Rekodi moja ni ya kiumbe mmoja kwa wakati mmoja, ingawa inaweza kubeba picha kadhaa za kiumbe huyo huyo. Anayeweka nondo, buibui na mjusi katika rekodi moja kwa kuwa wote walikuwa kwenye ukuta mmoja anawapa watambuaji kazi isiyofanyika, na mara nyingi ataombwa kwa upole azitenganishe.

Mapendekezo ya mashine yalianza mwaka 2017, na ndiyo yanayomvutia kila anayeifungua programu hii kwa mara ya kwanza. Ili kuyapima kwa haki ni lazima kukumbuka ukubwa wa kazi yenyewe. Ndege wote duniani ni takriban spishi 11,000, na wengi wao hutambulika kwa rangi na umbo kutoka mbali. Wadudu waliokwisha kupewa majina ya kisayansi ni takriban spishi milioni 1, na wengi wao wana urefu wa milimita chache tu. Mashine hufundishwa kwa picha zilizopakiwa na watumiaji wenyewe, na spishi huhitaji takriban picha 100 ndipo iingizwe katika mafunzo hayo. Matokeo yake ni kwamba kipepeo mkubwa wa bustanini, ambaye kila mpita njia humpiga picha, anatambuliwa papo hapo, ilhali nzi mdogo wa kijivu anayeishi kwenye dirisha lile lile huenda hayumo kabisa katika orodha ambayo mashine inaijua. Na mashine isiyomjua kiumbe hainyamazi. Humtaja jirani anayefanana naye.

Hapa ndipo msomaji wa makini anapopaswa kutazama jinsi mapendekezo yanavyoandikwa. Programu ikiwa na uhakika wa kutosha husema kwamba kiumbe huyu yumkini ni wa jenasi fulani, yaani kundi la spishi zinazohusiana kwa karibu, au wa familia fulani, yaani kundi la jenasi kadhaa, kisha chini yake huorodhesha spishi zinazokaribiana. Isipokuwa na uhakika hukiri waziwazi kwamba haiwezi kupendekeza kwa kujiamini, lakini bado huonyesha orodha. Watumiaji wengi huruka mstari wa juu, wakachagua spishi ya kwanza kwenye orodha kwa kuwa picha yake inafanana na yao. Ushauri wangu ni kinyume chake: mstari ule wa juu, unaotaja jenasi au familia, ndio wenye thamani kubwa zaidi kwa wadudu, na orodha iliyo chini yake ichukuliwe kuwa majina ya kuyachunguza. Tangu mwaka 2023 programu hutumia pia makadirio ya maeneo ambamo kila spishi inatarajiwa kuwepo, jambo lililopunguza mapendekezo ya viumbe wa bara jingine. Hata hivyo, mijini husafiri viumbe wengi pamoja na mizigo, mbao na miche ya mapambo, kwa hiyo kiumbe asiyetarajiwa mahali fulani si lazima awe amekosewa jina.

Mfano wa kwanza wa kujipima ni nzi Eristalis tenax, anayepatikana karibu duniani kote na anayefanana mno na nyuki wa asali anapokuwa juu ya ua. Picha iliyopigwa kutoka mbali haitoshi kumtenganisha, lakini picha ya karibu inaonyesha mambo matatu: ana mabawa mawili badala ya manne, vipapasio vyake ni vifupi, na macho yake yamechukua sehemu kubwa ya kichwa. Hana mwiba wa kuchomea, ingawa nyuki anayefanana naye anao, kwa hiyo kwa mtu aliye karibu na mzinga tofauti hiyo si ya kitaaluma tu.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi na unavutia zaidi. Katika sehemu nyingi za joto za Afrika na Asia, kipepeo Danaus chrysippus, mwenye rangi ya chungwa na ncha nyeusi zenye madoa meupe, huwa na ladha mbaya kwa ndege kutokana na sumu ya mimea ambayo viwavi wake hula. Jike wa spishi nyingine isiyo na sumu hiyo, Hypolimnas misippus, amevaa rangi zile zile, wakati dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau, kiasi kwamba asiyejua hawezi kudhani kuwa wawili hao ni wa spishi moja. Ili kuwatenganisha jike huyo na Danaus unatazama bawa la nyuma: Danaus ana madoa madogo meusi katikati ya bawa, ilhali Hypolimnas ana doa moja jeusi kwenye ukingo wa mbele wa bawa hilo. Mapendekezo ya mashine yatakutajia wote wawili. Atakayeamua ni yule aliyehesabu madoa, na hilo ndilo zoezi ambalo programu hii inalifundisha kuliko kitabu chochote cha picha, kwa sababu ukurasa wa kila spishi unaonyesha maelfu ya picha za watu wa kawaida, zenye mwanga mbaya na mabawa yaliyochanika, mbali na ile picha moja safi ya mtaalamu.

Kuna pia buibui wa jenasi ya Myrmarachne, wanaoiga sisimizi hadi katika mwendo, wakiinua miguu ya mbele na kuitikisa kana kwamba ni vipapasio. Hesabu miguu kabla ya kupokea pendekezo lolote. Ikiwa ni minane, hutazami sisimizi.

Kinachoitofautisha iNaturalist na programu nyingine nyingi ni kile kinachotokea baada ya kupakia. Kila rekodi yenye picha au sauti, tarehe na mahali hubaki katika hali ya kusubiri utambuzi. Ikipata angalau maoni mawili ya utambuzi, na zaidi ya theluthi mbili ya watambuaji wakakubaliana kwenye ngazi ya spishi, hupanda hadi hadhi ya utafiti, na ikiwa mwenye picha ameruhusu leseni inayofaa, inaweza kupelekwa katika hazina ya kimataifa ya taarifa za viumbe, GBIF, ambayo makao yake ni Copenhagen. Kwa hiyo panzi aliyepigwa picha na mwanafunzi kwenye uzio anaweza kuwa nukta kwenye ramani anayoitumia mtafiti asiyemjua. Nadhani hili ndilo linalowafanya watu wengi waendelee kuitumia hata baada ya hamu ya kujua majina kupungua.

Utaratibu huo una udhaifu, na ni udhaifu wa watu. Kitufe cha kukubali kipo karibu mno na kidole. Mtu anapakia mbawakawa, mashine inampa jina, rafiki yake anabonyeza kukubali bila kujua lolote kuhusu mbawakawa, na ghafla rekodi ina hadhi ya utafiti ingawa hakuna binadamu aliyekwisha kuitambua. Vivyo hivyo, mwenye picha akishapewa jina na mgeni huona ni adabu kulikubali, ilhali kukubali maana yake ni kwamba yeye mwenyewe ameona dalili zinazotosha. Shukrani inaweza kuandikwa katika maoni. Upande wa pili wa mizani, programu inampa mtambuaji njia nzuri ya kurudi nyuma: akiweka jina la ngazi ya juu, kwa mfano familia badala ya spishi, huulizwa kama ana maana kwamba yeye hajui zaidi ya hapo au kwamba ushahidi uliopo hautoshi kwa mtu yeyote. Swali hilo dogo limezuia makosa mengi kuliko mashine ilivyoweza, na ningependa kuliona katika kila programu ya utambuzi.

Subira inahitajika. Ndege wa kawaida hupata mtambuaji upesi, wakati mwingine kabla hujarudi nyumbani. Vipepeo nao hawachelewi sana. Nzi wadogo, nyigu vimelea, vidukari na nondo wa rangi ya vumbi wanaweza kukaa miezi au miaka, kwa kuwa wanaowafahamu ni wachache na baadhi ya makundi hayatambuliki mpaka mdudu apasuliwe na viungo vyake vya uzazi vitazamwe kwa hadubini. Rekodi iliyobaki kwenye ngazi ya familia haijashindwa. Imefika mwisho wa kile ambacho picha inaweza kusema.

Kwa sababu hiyo ubora wa picha ni nusu ya kazi, na hapa mtumiaji ana uwezo mkubwa kuliko anavyodhani, hata kwa simu ya kawaida. Wadudu hupata joto lao kutokana na mazingira, kwa hiyo asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, wengi wao huwa wazito na hukubali kusogelewa. Sogea polepole ukiwa chini, usiruhusu kivuli chako kimpite, na piga picha ya kwanza ukiwa bado mbali, kwa kuwa picha mbaya ya mdudu aliyepo ina thamani kuliko picha nzuri ya jani alilokuwa amekalia. Kisha tafuta pande. Kwa kereng'ende, piga upande wa kifua na ncha ya mkia, kwani hapo ndipo penye michirizi na vishikio vinavyotenganisha spishi. Kwa nzi na nyigu, mishipa ya bawa lililokunjuliwa na uso vina msaada mkubwa, wakati kwa kipepeo unahitaji upande wa juu na wa chini wa bawa, maana wengi wanaofanana upande mmoja hutofautiana upande wa pili. Kwa buibui, mpangilio wa macho hueleza familia yake, na picha ya tumbo kutoka chini kupitia utando haipaswi kuachwa. Kwa kiwavi, piga picha ya mmea anaoula, kwa kuwa mtambuaji mara nyingi huanza na mmea. Mjusi wa ukutani apigwe mgongoni, mkiani na, akiwa kwenye kioo, vidoleni kutoka chini.

Baada ya hapo, kata picha mpaka mdudu ajaze sehemu kubwa ya fremu kabla ya kupakia, kwani mashine hutazama picha nzima, na mdudu aliye nukta katikati ya nyasi hugeuka kuwa pendekezo la nyasi. Usiogope kupoteza ubora kwa kukata, maana programu yenyewe hupunguza picha hadi pikseli 2048 kwa upande mrefu. Kuna jambo jingine linalowakwaza wengi: picha iliyotumwa kupitia WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa za saa na mahali zilizokuwa ndani yake, kwa hiyo anayepokea picha ya mdudu kutoka kwa jirani lazima aulize na kuziandika mwenyewe, la sivyo rekodi itabeba tarehe isiyo yake au ibaki bila sifa ya kuhakikiwa.

Taa za usiku zinastahili sentensi zake. Nondo ni wengi mara kadhaa kuliko vipepeo, na mjini huja wenyewe kwenye kuta zilizo chini ya taa, wakafuatwa na vunjajungu, mijusi na buibui wanaowinda hapo. Anayepita ukutani kabla ya mapambazuko, wakati ndege hawajaanza kuwaokota, atapata rekodi nyingi kuliko anayezunguka bustanini mchana kutwa.

Mambo mengine nayapitia kwa haraka. Mimea iliyopandwa na wanyama wanaofugwa hutakiwa kuwekewa alama kwamba si wa porini, na rekodi zao hazipandi hadhi. Lakini mdudu aliyekuja mwenyewe kwenye ua la kupandwa, au mende aliyeingia jikoni bila kualikwa, anahesabiwa kuwa wa porini. Sauti zinapokelewa, ila mashine haizipendekezei majina, hivyo nyenje na chura husubiri masikio ya watu. Majina ya kawaida yanaweza kuonyeshwa kwa lugha unayoichagua pale yalipoongezwa, na yasipokuwepo jina la kisayansi ndilo linalobaki, jambo ambalo baada ya muda huacha kutisha. Tovuti yake ina zana nyingi kuliko programu ya simu, hasa ukurasa wa kutambua rekodi za watu wengine, ambapo mtu anaweza kuchagua kundi moja na eneo moja na kupitia mamia ya picha kwa kutumia kibodi. Anayetaka kujifunza kwa haraka afanye hivyo: achague mbawakawa wa familia moja katika mji wake, asome maoni ya waliobobea, na aanze kwa kutenganisha tu wale walioandikwa kama wadudu bila maelezo zaidi.

Faragha ni suala ambalo wengi hulikumbuka wamekwisha chelewa. Mtu anayepiga picha kila siku kwenye ukuta wake anachora ramani ya makazi yake kwa usahihi wa mita chache. Programu ina mpangilio wa kuficha mahali, ambao huonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya eneo la nyuzi 0.2 za latitudo kwa 0.2 za longitudo, sawa na kilomita 22 hivi kila upande karibu na ikweta, na mpangilio wa pili unaoficha kabisa. Viumbe walio hatarini kutoweka hufichwa mahali pao bila mtumiaji kuomba. Kwa rekodi za nyumbani tumia mpangilio wa kwanza tangu siku ya kwanza, na kwa watoto fikiria programu nyingine.

Programu hiyo nyingine ni Seek, iliyotolewa na iNaturalist yenyewe mwaka 2018. Haihitaji akaunti, haipeleki picha popote mtumiaji asipoiunganisha na akaunti ya iNaturalist, na hufanya kazi bila intaneti kwa kuwa mashine yake imo ndani ya simu. Unaelekeza kamera, na ngazi za utambuzi zinajaa moja baada ya nyingine kutoka kundi kubwa hadi spishi, au zinasimama katikati ikiwa haiwezi kwenda mbele. Kusimama huko katikati ni uaminifu ninaouthamini. Lakini nyuma ya Seek hakuna mtu, na jibu lisilo sahihi litabaki hivyo hivyo, kwa hiyo kwa mtu mzima anayetaka kuwajua wadudu, Seek ni chombo cha matembezini, na rekodi yenye shaka ipelekwe iNaturalist. Kwa ndege, zote mbili huzidiwa na Merlin, programu ya kutambua ndege ya Cornell Lab of Ornithology, ambayo tangu mwaka 2021 husikiliza sauti na kutaja anayeimba, mahali ambapo sauti za ndege wa eneo hilo zimekwisha kuingizwa. Merlin haigusi wadudu kabisa.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayofaa kuamua kama nyoka aliyeingia uani ana sumu, kama uyoga unalika, au kama kiwavi mwenye manyoya anaweza kushikwa na mtoto. Jibu linalofaa kwa kujifunza linaweza kukosea kwa jirani mmoja tu wa jenasi, na katika mambo hayo jirani mmoja anatosha kudhuru.

Mtumiaji mpya asishangae pia akiona jina la rekodi yake ya zamani limebadilika bila yeye kufanya lolote. Wataalamu hugawanya spishi moja kuwa mbili, au huihamishia jenasi nyingine, na watunzaji wa orodha ya majina hubadilisha rekodi zote zinazohusika kwa pamoja. Anayependa kuamua mwenyewe anaweza kuzima mabadiliko hayo katika mipangilio ya akaunti yake, ila atalazimika kuyafuatilia moja baada ya jingine.